Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kutafuta na Kutengeneza Hitilafu za Injini ya Gari

Niliwahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alikuwa ameshalifungia betri mpya, stata mpya na alteneta mpya, na bado kila asubuhi injini ilizunguka kwa kujivuta mara mbili tatu, kisha kimya. Nilichukua mita, nikagusisha ncha moja kwenye temino hasi ya betri na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwomba apige stata. Mita ikasoma volti 2.1. Hapo hapatakiwi kuzidi nusu volti. Waya mnene wa athi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini, ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani ndani ya ganda lake. Kwa nje ulionekana mzima. Niliuchana nikamwonyesha: nyuzi za shaba zilipukutika kiganjani kama unga. Tukafunga waya mpya, gari likawaka pale pale.

Alikuwa amenunua vipuri vitatu kutibu waya mmoja. Mwongozo huu nimeuandika ili lisikukute jambo hilo. Karibu kila hitilafu ya injini ina kipimo chake cha dakika chache, na kipimo hicho ni rahisi kuliko kipuri cha kubahatisha.

Injini inadai nini

Injini ya petroli inadai vitu vinne: hewa, mafuta, moto wa plagi, na mgandamizo ndani ya silinda, yaani kompresheni. Vyote vifike kwa wakati wake. Injini inayokataa kuwaka, inayomisi (silinda inaruka zamu yake ya kuunguza mafuta) au isiyovuta imekosa kimojawapo, au imekipata kwa kiasi kisicho sawa. Dizeli haina plagi za moto. Hewa iliyobanwa hupata joto la kuwasha mafuta yenyewe, ndiyo maana kompresheni ikishuka dizeli husumbua mapema, hasa ikiwa baridi.

Kazi yako yote ni kujua ni kipi kati ya hivyo kimekosekana, kisha kufuata njia yake kinyumenyume mpaka ufike kilipokatikia.

Kabla hujashika spana

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia tairi kwa kigingi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake: jeki ni ya kuinulia, stendi ndizo za kushikilia. Usiiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu na hukumaliza kabla hujashtuka. Weka mikono mbali na feni ya rejeta, maana ile ya umeme huweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Na ukifungua betri, anza na temino hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya huku hasi imefungwa, spana ikigusa bodi tu umepiga shoti.

Vifaa si vingi. Seti ya spana na soketi, soketi ya plagi, bisibisi, tochi nzuri, mita ya umeme, na kifaa cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari hujiandikia. Ukiongeza geji ya kompresheni umeshafika mbali. Kama ni lazima uchague kimoja cha kuanzia, anza na mita.

Kisha uliza, hata kama gari ni lako mwenyewe. Tatizo lilianza lini? Linatokea injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Likiwa limesimama au likipanda mlima? Na swali ninalolipenda kuliko yote: ni kitu gani kiliguswa mara ya mwisho kabla halijaanza? Soketi ya sensa iliyosahaulika kuchomekwa baada ya kubadilisha filta ya hewa huwasha taa ya injini sawasawa na sensa iliyokufa.

Kodi si hukumu

Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 yana soketi ya OBD-II, mfumo sanifu wa gari kujichunguza lenyewe, na Ulaya magari mapya ya petroli yalifuata mwaka 2001. Mara nyingi soketi hiyo iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Chomeka kifaa, washa swichi, soma kodi, na uziandike kabla ya kuzifuta. Kifaa kikiweza, soma pia picha ya hali ilivyokuwa kodi ilipojiandika: joto la injini, mzunguko, mwendo. Hiyo picha hukuambia urudie mazingira gani ili uione hitilafu kwa macho yako.

Kodi inakuonyesha pa kutazama. Haikwambii cha kununua. Chukua P0171. Maana yake kompyuta imeona hewa imezidi mafuta. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, na sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa. Ni shahidi aliyesema kweli. Mkosaji huwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, gasketi ya manifodi (mabomba yanayogawia silinda hewa) inayopitisha, filta ya mafuta iliyoziba au pampu ya mafuta iliyochoka.

Jambo moja usilipuuze: taa ya injini ikiwaka na kuzimika mfululizo ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta na utafute pa kusimama. Silinda inamisi vibaya, na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya katalisti, yale masega yaliyomo kwenye eksozi. Kwa mwendo mfupi tu masega huweza kuyeyuka.

Gari haliwaki

Sikiliza kwanza. Kuna gari lisilozungusha kabisa, na kuna linalozungusha vizuri ila halishiki. Ni magonjwa mawili tofauti, na anayeyachanganya hupoteza siku nzima.

Kama halizungushi, washa taa kubwa halafu upige stata. Taa zikififia sana au kuzimika, umeme hautoshi: betri au viungo vyake. Taa zikibaki vilevile na usisikie chochote, amri haifiki kwenye stata: kagua fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya pedali ya klachi, au kwa gari la otomatiki jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P. Mlio wa tka-tka-tka wa haraka ni betri dhaifu mara nyingi. Mlio mmoja mzito, "tak", kisha kimya, elekea kwenye stata na nyaya zake. Lakini kabla hujaishusha stata, fungua betri na ujaribu kuizungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikigoma kabisa, shida iko ndani ya injini yenyewe, na hiyo ni kazi nyingine.

Sasa vipimo. Gari likiwa limelala usiku mzima, weka mita kwenye temino za betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 iko karibu kuisha. Acha mita hapo hapo, mwenzako apige stata. Volti zikishuka chini ya 9.6, betri inatiliwa shaka. Ichaji ijae kwanza, upime tena, maana betri yenye njaa si lazima iwe betri iliyokufa. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.7. Ikibaki chini ya 13, tazama mkanda wa alteneta kabla ya alteneta yenyewe. Ikipita 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika na betri inapikwa. Magari mapya kiasi, ambayo alteneta yake huongozwa na kompyuta, huweza kushusha volti kwa makusudi, kwa hiyo washa taa na feni ya ndani upime mara ya pili.

Betri ikiwa nzima, pima njia za umeme, kile kipimo nilichoanzia. Ncha moja kwenye nguzo ya risasi ya betri, siyo kwenye klipu; nyingine kwenye chuma cha injini; piga stata. Rudia upande wa chanya: nguzo chanya hadi bolti nene ya stata. Ukipata zaidi ya nusu volti upande wowote, sogeza ncha kiungo kwa kiungo mpaka uone namba inaporuka. Hapo ndipo penye kutu. Fungua, sugua kwa brashi ya waya au msasa hadi chuma king'ae, kaza, pima tena.

Kama inazungusha vizuri na haishiki, njia ni hii. Washa swichi bila kupiga stata na utege sikio upande wa tangi: kwenye magari mengi ya injekta pampu ya mafuta hunguruma kama sekunde mbili. Kimya maana yake fyuzi, rilei, waya au pampu. Gonga chini ya tangi taratibu kwa nyundo ya mpira huku mwenzako akipiga stata. Likishika, pampu iko ukingoni na inakupa nafasi ya kufika nyumbani tu. Tazama pia taa ya ufunguo kwenye dashibodi, kwa sababu mfumo wa kuzuia wizi usipoutambua ufunguo hukata mafuta au moto. Na hakikisha tangi lina mafuta, geji hudanganya.

Kisha toa plagi moja uinuse. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na moto ndio haupo, au injini imefurika. Ikiwa kavu baada ya kuzungusha sana, mafuta hayafiki. Injini iliyofurika, kwenye magari mengi ya injekta, hutibika kwa kukanyaga mafuta mpaka chini kisha kupiga stata. Kompyuta hufunga injekta na hewa hukausha silinda. Moto upime kwa kifaa chake cha kupimia, usishike koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, kwa mkono: inatoa volti elfu 20 hadi 40.

Moto na mafuta vikikosekana vyote kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki shafti. Kodi yake ya kawaida ni P0335, ingawa wakati mwingine hufa bila kuacha kodi. Tabia yake inajulikana: gari linazima injini ikishapata moto, linagoma kuwaka, na baada ya nusu saa ya kupoa linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Tazama mshale wa mzunguko wakati wa kupiga stata. Kwenye magari mengi, usipotikisika kabisa, kompyuta haioni injini ikizunguka.

Sikio likikuambia injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mfululizo, bila ule mdundo wa kubana, acha stata mara moja. Huenda mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa vali na wa pistoni, umekatika. Kwenye injini ambazo pistoni na vali hutumia nafasi moja kwa zamu, kila mzunguko wa ziada unaweza kupinda vali nyingine.

Linawaka lakini linamisi

Hapa ndipo koili na injekta nzima zinapobadilishwa zaidi bila sababu, kwa hiyo twende taratibu.

Tuseme kifaa kimesoma P0302, yaani silinda namba 2 inamisi. (P0301 ni ya kwanza, P0303 ya tatu, na kuendelea; P0300 ni kumisi kunakohamahama au kunakogusa silinda kadhaa.) Usinunue kitu. Zima injini, iache ipoe. Toa koili ya silinda 2 na ya silinda 3, zibadilishane, chomeka soketi mpaka usikie "klik", funga bolti. Futa kodi, endesha gari kidogo, soma tena. Ikija P0303, hitilafu imehama pamoja na koili: koili ndiyo mbovu, na umeijua bila kununua kitu. Ikibaki P0302, fanya vilevile kwa plagi za silinda hizo mbili. Ikibaki tena P0302, sasa ndipo unapofikiria injekta au kompresheni. Hesabu ya silinda mara nyingi huanzia upande wa mkanda au cheni ya taimingi, ila kwa injini za V hakikisha kwenye kitabu cha gari.

Ukishatoa plagi, zisome. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya injini yenye afya. Masizi makavu meusi: mafuta yamezidi, au filta ya hewa imeziba. Utelezi mweusi wa oili: oili inaingia ndani ya silinda. Nyeupe yenye malengelenge: joto limezidi, mafuta ni machache. Mstari mweusi mwembamba ulioshuka kwenye kauri nyeupe ni njia ya cheche iliyopotea. Plagi hiyo haifai, na mpira wa koili yake uukague. Na ukikuta shimo la plagi limejaa oili, gasketi ya kifuniko cha vali inavuja. Funga gasketi kwanza, la sivyo koili mpya nayo itakufa.

Nafasi ya plagi huwa kati ya milimita 0.7 na 1.1 kutegemea injini. Plagi za iridiamu usizisugue wala kuzilazimisha, ncha yake ni nyembamba sana. Zifunge injini ikiwa baridi, na uzianze kwa mkono. Mimi huchomeka kipande cha hosi nyembamba kwenye mkia wa plagi na kuizungushia kwa hicho: plagi ikiingia kombo, hosi huteleza kabla meno ya hedi hayajaharibika. Hedi ya alumini iliyoliwa meno ni machozi matupu.

Kompresheni hupimwa hivi. Injini iwe na moto wa kawaida. Toa plagi zote. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili. Kanyaga mafuta mpaka chini. Piga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda, uandike namba. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya bar 10 na 14, lakini kinachosema zaidi ni usawa: silinda moja ikiachwa nyuma kwa zaidi ya asilimia 15 ina shida. Mimina kijiko cha chai cha oili ndani ya silinda hiyo upime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka, maana oili imeziba mianya yake kwa muda. Isipopanda, vali hazifungi vizuri. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao.

Kuna kumisi kwingine: injini inatetemeka gari likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta inatulia. Hiyo ni hewa ya wizi, hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa. Anza na mpira mkubwa kati ya filta ya hewa na throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Ukunjue mikunjo yake kwa vidole, kwa sababu hupasuka ndani ya mikunjo na ukitazamwa juu juu hauonyeshi. Kisha kagua hosi ndogo zote, ile nene inayokwenda kwenye busta ya breki (kifaa kinachoongezea nguvu pedali ya breki), na gasketi ya manifodi. Nyunyizia maji yenye sabuni kidogo kidogo panapoungana. Yakinyonywa au mtetemo ukibadilika, umeshapata. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta. Mimi siitumii karibu na eksozi ya moto, na nawe usiitumie.

Throto iliyojaa masizi husafishwa kwa dawa yake na kitambaa. Sensa ya hewa inataka dawa yake maalumu, usiguse ule waya mwembamba, na iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Linachemsha

Mshale wa joto ukipanda njiani, zima kiyoyozi, fungua joto la ndani mpaka mwisho pamoja na feni yake, kwani hiyo ni rejeta ndogo ya akiba, kisha simama pazuri na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta. Ndani kuna shinikizo la karibu bar 1 linalozuia maji yasichemke mpaka kwenye nyuzi 120 hivi. Ukifungua, yanageuka mvuke usoni pako kwa mpigo. Subiri mpaka hosi ya juu ikubali kubanwa kwa mkono bila kukuunguza. Na usimwage maji baridi kwenye injini inayotokota, chuma kinaweza kupasuka.

Kujua chanzo, swali ni moja: linachemsha wakati gani?

Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, tazama feni. Washa kiyoyozi: kwenye magari mengi feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka, kagua fyuzi, badilishana rilei yake na nyingine inayofanana nayo kwenye sanduku, kisha ipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Mota ikizunguka, ni nzima. Tafuta waya au sensa ya joto.

Likichemsha mwendo mkali au mlimani, maji hayazunguki ya kutosha au rejeta haipitishi. Mulika tochi kati ya rejeta ya kiyoyozi na rejeta ya injini. Nimeshatoa hapo blanketi zima la vumbi na wadudu, na tatizo likaisha kwa maji ya bomba tu. Pitisha mkono karibu na uso wa rejeta iliyopata moto: sehemu zilizoziba huwa baridi. Thamostati itoe uitumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ifunguke kwenye joto lililochapwa juu yake, mara nyingi kati ya nyuzi 82 na 95. Tafadhali usiing'oe thamostati na kuiacha wazi kama wengi wanavyoshauri. Injini itachelewa kupata moto, itakula mafuta zaidi, ringi na silinda zitasagika, na chanzo halisi kitabaki palepale.

Likipunguza maji kila siku, tafuta yanakokwenda. Pampu ya maji ina tundu dogo chini yake. Alama ya unyevu au chumvi hapo ni sili iliyokufa. Zulia lililolowa miguuni pa abiria na harufu tamu ndani ya gari ni rejeta ya joto la ndani. Na usikisahau kifuniko cha rejeta: mpira wake ukikauka hakishiki shinikizo, na gari zima linalaumiwa kwa kosa la kifuniko.

Maji yakipungua na usione tone, iogope gasketi ya silinda hedi. Dalili zake: viputo visivyokoma kwenye tangi la maji injini ikiwa imewaka; hosi ya juu kuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi; moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha hata injini ikipata moto; oili kwenye dipstiki kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukungu mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake, kwenye gari la safari fupi fupi, huwa ni unyevu tu, usimvunjie mtu injini kwa hilo. Uhakika unaletwa na dawa ya buluu inayowekwa juu ya shingo ya rejeta: ikivuta gesi ya moshi hubadilika kuwa njano.

Hedi ikifunguliwa, lazima ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji. Watengenezaji wengi hawakubali mpindo unaozidi sehemu ndogo sana za milimita, karibu 0.05. Bolti za aina inayorefuka inapokazwa zisirudiwe. Ukazaji uanzie katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa toki renchi na kwa namba za injini hiyo hiyo.

Wakati wa kujaza, tumia kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ikiwa haijachanganywa tayari, na usichanganye aina mbili. Inua pua ya gari, fungua joto la ndani, iache injini iwake mpaka feni izunguke na kuzima mara mbili, ukiongeza maji yanaposhuka. Hewa iliyobaki ndani hufanya geji ipande kwa ghafla hata kama kila kipuri ni kizima.

Oili, moshi na milio

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, hata kama umebakiza mita mia. Pima dipstiki. Oili ikiwepo ya kutosha, usiwashe tena mpaka shinikizo lipimwe kwa geji ya kufunga kwenye tundu la sensa. Ni kweli sensa yenyewe huharibika, lakini dau la kubahatisha hapo ni injini nzima.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka kwa wingi asubuhi unapowasha kisha ukaisha, sili za vali zimekauka. Ukitoka ukikanyaga mafuta, ringi. Kabla ya ovahoo, yaani kuifumua injini yote, kagua vali ndogo inayopitisha pumzi ya injini kurudi kwenye manifodi: ikiziba, shinikizo huisukuma oili kila pembe. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa. Mvuke mweupe unaoisha baada ya dakika chache ni wa kawaida.

Mlio mwepesi wa tik-tik unaofuata mzunguko wa injini, pima oili kwanza. Mlio wa kokoto ukipanda mlima ni mafuta yanayolipuka mapema: oktani ndogo, masizi, au joto. Mkwaruzo wa cheni wa sekunde chache asubuhi ni kikaza cheni. Mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaozidi ukikanyaga, ni beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki shafti. Gari hilo livutwe, lisiendeshwe.

Mkanda wa taimingi hautoi onyo. Hubadilishwa kwa kilomita au kwa miaka, kati ya kilomita 60,000 na 160,000 kulingana na injini, na ikiwa ndio unaoendesha pampu ya maji, badilisha vyote kwa pamoja.

Kwa dizeli, anza na filta ya mafuta na maji yaliyotuama chini yake, kisha plagi za joto, zinazopasha silinda kabla ya kuwasha. Usilegeze bomba la injekta la mfumo wa komoni reli (bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha injekta zote) ili "kutoa hewa" injini ikiwa inawaka. Ndani kuna shinikizo linaloweza kufika bar 2,000. Mafuta hayo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana kama tundu la sindano.

Baada ya kufunga

Futa kodi, endesha gari katika hali ile ile iliyokuwa ikileta hitilafu: kama ilikuwa mlimani, nenda mlimani. Soma kodi tena ukirudi, pamoja na zile zinazosubiri ambazo bado hazijawasha taa.

Usiku tandika kadibodi safi chini ya injini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, pima maji na oili, halafu uivute kadibodi uitazame. Maji matupu yasiyo na rangi yametoka kwenye kiyoyozi, yaache. Tone la kijani, waridi au la buluu linaloteleza na kunukia utamu ni kulanti. La kahawia au jeusi ni oili ya injini. Jekundu lenye mafuta ni la giaboksi ya otomatiki au la usukani. Weka alama kwenye kadibodi kuonyesha tone limeangukia usawa gani, lala chini na tochi, na ufuate unyevu kwenda juu mpaka ulipoanzia.